Kazi za Haki ya Jinai: Mshahara Mnono Hutoka kwa Nani?

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi wengi wa Nairobi huzipima kozi kwa mizani ya mshahara, na uwakili, uendeshaji mashtaka, uhakimu na upelelezi ni miongoni mwa kazi zisizokosa kutajwa. Wapo wanaoshikilia kwamba kumwelekeza kijana huko kwa ajili ya pesa ni kuichafua haki. Siafikiani nao, ingawa hofu yao ina msingi.

Katiba ya 2010 yenyewe ilitambua uzito wa mshahara. Kifungu cha 160 kinakataza malipo ya jaji kubadilishwa kwa namna itakayomdhuru, kwa kuwa anayeweza kunyang'anywa riziki na serikali hawezi kuihukumu serikali hiyo bila woga. Hoja hiyo inamgusa hata konstebo, na ndiyo maana kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilipendekeza polisi waongezewe mshahara kwa asilimia 40. Mpelelezi ambaye mshahara wake hauishi kabla ya mwezi kuisha ana nafasi nzuri zaidi ya kuikataa bahasha ya mshukiwa. Kutaka kulipwa vizuri katika kazi hii, basi, si aibu.

Linalonisumbua ni pesa hizo hufika lini, na hutoka kwa nani. Anayetaka uwakili husoma shahada kwa miaka 4, kisha huenda Kenya School of Law kule Karen, halafu hufanya uanagenzi wa miezi 6 ambao posho yake mara nyingi humezwa na nauli na kodi ya nyumba. Ujaji wa Mahakama Kuu unadai uzoefu wa angalau miaka 10. Wakili akiamua kujitegemea, malipo yake yatafuata mfuko wa mshtakiwa. Anayemtetea kijana wa Kibera aliyeshtakiwa kwa wizi wa simu hulipwa na mama wa kijana huyo, kidogo kidogo, ilhali mwenzake aliyesoma sheria ile ile hupokea mamilioni katika kesi ya ufisadi pale mahakama ya Milimani. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaahidi wakili wa kulipwa na serikali pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilikusudiwa kuitimiza ahadi hiyo, lakini bado wengi hupanda kizimbani peke yao. Hapo wapinzani wangu wana hoja ambayo siwezi kuipangua: pesa huwavuta mawakili hodari mbali na wale wanaowahitaji zaidi.

Kazi za maabara, kama ile ya uchunguzi wa kisayansi iliyozinduliwa na idara ya upelelezi mwaka 2022, na zile za maafisa wa probesheni, wanaowasimamia waliopewa kifungo cha nje, hazitajirishi mtu haraka, ila mshahara wake hutabirika.

Kisha kuna hatari, jambo ambalo wazazi hulipitia juujuu. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, na maafisa wa polisi walikuwa miongoni mwa waliopatikana na hatia mwaka 2022. Juni 2024, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi na afisa wa polisi akiwa kazini katika mahakama ya Makadara, baada ya kufuta dhamana ya mke wa afisa huyo, na hakimu huyo akafariki. Sijui marupurupu yanayoweza kuwekwa kwenye mizani dhidi ya hayo.

Kijana anayeniuliza kama aingie, simkatazi. Ninamwomba kwanza aende Makadara asubuhi moja, kwa kuwa kesi nyingi husikizwa hadharani, aketi tangu orodha inapoanza kusomwa hadi mahakama inapoahirishwa, na ahesabu ni wangapi kati ya waliosimama kizimbani walikuwa na wakili.