Agosti ya mama mkwe

Kabla sijaanza mjue kwamba mimi ni Mhehe niliyeoa kwa Wagogo, na hawa ni watani wetu, kwa hiyo hata nikiwa sijakosa kitu, nikiingia tu uani kwao lazima shemeji mmoja aanze kuita mbwa wake na kuwahesabu, eti Wahehe tunakula mbwa. Hayo nimezoea. Ila kilichonikuta 2025 na ile kalenda hakikuwa utani hata kidogo.

Mimi ndo mpiga picha wa familia. Sijachaguliwa na mtu, ni vile tu nina simu yenye kamera nzuri na aibu sina. Watoto wakila barafu pale Nyerere Square napiga, tukienda Hombolo kwenye zabibu napiga, mke wangu, Mama Neema, akipika mlenda nainama juu ya sufuria mpaka kioo cha simu kinapata mvuke. Zote natupa kwenye grupu la ukoo. Mama Neema aliwahi kuniambia, "Siku nikizimia najua utanipiga picha kwanza ndo uite bajaji," nikacheka, ila moyoni nikajua hajakosea sana.

Sasa shida ilikuwa wazee. Wazee wetu wengi bado wana vitochi, wanasikia tu kwamba kuna picha zimetumwa. Baba mkubwa wa Kongwa alinilalamikia kabisa, eti "mnapigana picha halafu mnaonyeshana nyie kwa nyie." Nikaumia. Ndo nikapata wazo la kutengeneza kalenda ya familia, kila mwezi na picha yake, niwagawie ukoo mzima wakati wa Krismasi. Wazo zuri, hata leo nasema lilikuwa zuri.

Turudi nyuma kidogo. Novemba 2024 nilienda Dar kumchukua mama mkwe, alikuwa ameenda kumlea mzazi, shemeji yangu mdogo alikuwa amejifungua. Treni ya SGR ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kufika Dodoma, ilikuwa Julai mwaka huo huo, na mama alikuwa hajawahi kuipanda, yeye ni mtu wa basi, kutwa nzima barabarani na kushuka Gairo kunyoosha miguu. Nikamwambia mama hii ni masaa manne hata hayafiki. Swali lake likawa moja tu: "Si nasikia inatumia umeme? Sasa umeme ukikatika baba?" Nikakosa jibu. Maana nani Tanzania hii ana jibu la hilo swali.

Akapanda hivyo hivyo, kitabu cha nyimbo mapajani. Mpaka Morogoro hajasema neno. Tulipofika kwenye yale mahandaki ya Kilosa, giza likatuzingira ghafla, mama akanidaka mkono hapa juu ya saa na kuanza Baba Yetu uliye mbinguni kwa sauti. Tukatoka kwenye mwanga akanyamaza. Handaki la pili, Baba Yetu kutoka mwanzo. La tatu vile vile, na safari hii abiria wa pembeni nao wakaitikia amina. Miaka tisa nimeoa kwake, sijawahi kushikwa mkono na mama mkwe zaidi ya kusalimiana, nikakaa nimejikausha kama mti wa nguzo.

Baada ya hapo akalegea. Akafungua kitambaa chake, akatoa yai la kuchemsha, akamenya taratibu, akachovya kwenye chumvi aliyoifunga kwenye karatasi, akang'ata mara moja. Moja tu. Usingizi ukambeba hapo hapo.

Jamani. Kichwa nyuma, kilemba kimeshuka kimefunika jicho moja, mdomo wazi kiasi kwamba nilikuwa naona mpaka jino la dhahabu ambalo sikujua kama analo, na mkononi lile yai ameliinua juu kidogo kama mtu anayetaka kuapa. Kipande cha kiini kimeganda kwenye mdomo wa chini. Jua la jioni linaingia dirishani linampiga shavuni. Najua sikutakiwa, msinifundishe, ila mkono ulienda wenyewe. Nikaweka potreti, nyuma pakafifia vizuri, nikapiga moja. Na niwaambie ukweli, kwa mwanga na kwa kila kitu, hiyo ndo picha bora niliyowahi kupiga maishani mwangu.

Tulipofika Dodoma nikampiga nyingine pale stesheni, amesimama na begi lake, kilemba kimekaa sawa, anatabasamu kidogo kama waziri. Hiyo ndo nilipanga iwe ya Agosti. Na maneno ya kuandika chini yake niliyatunga mwenyewe, usiku mzima nafikiria: MAMA, NGUZO YETU ISIYOLALA.

Mshaelewa inapoenda.

Picha mbili zimekaa pembeni kwa pembeni kwenye simu. Nipo kwenye kijisteshenari pale Majengo, nje bodaboda wanapiga honi, kijana anasema bro chagua haraka kuna foleni, nami natia tiki na dole gumba hili nene la Iringa. Januari watoto, Machi zabibu, Juni ile tuliyopiga Kolo kwenye michoro ya kwenye miamba. Pale yule muongozaji alitukataza hata kugusa ukuta, akatuambia hii michoro imekaa miaka maelfu na UNESCO waliitambua 2006, na Neema akaniuliza kwa sauti kwani hao watu waliochora hawakuwa na simu. Nikamwambia kijana toa nakala thelathini. Kijana akafanya kazi yake vizuri tu, simlaumu, tena kwenye Agosti aliongeza mwanga kidogo, akaniambia "hii bimkubwa imetoka kali sana." Nikajibu asante. Sikuangalia! Nilidhani anasifia ya stesheni.

Tarehe 26 Desemba kwa mama mkwe, Kikuyu ya hapa Dodoma, ukoo umejaa, nikagawa kalenda kama mgombea. Watu wakaona jalada, wakaona Januari, vigelegele. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akasema "Mungu akuzidishie baba." Nililala nimeshiba sifa.

Wiki ya pili ya Januari, Mama Neema yuko jikoni kwetu Nkuhungu anafunua funua atafute Jumapili ya kipaimara cha mwanetu mkubwa, ambayo ilikuwa Septemba 7. Nikasikia kimya. Mwanamke akinyamaza jikoni ni hatari kuliko sufuria kuanguka. Nikaenda. Alikuwa ameishika kalenda kwa mbali kama mtu aliyeshika nyoka.

"Umemfanya nini mama yangu?"

Nikaangalia. NGUZO YETU ISIYOLALA. Na yai.

Nilitaka kucheka, Mungu ananiona, nikageuza ikawa kikohozi. Amri ikatoka hapo hapo, kurasa zote thelathini za Agosti zirudi kabla mwezi haujafika, na mama asijue. Nikarudi kwa kijana wa steshenari kuuliza bei ya kutoa ukurasa mmoja mmoja wa kubadilisha, akaniambia elfu tatu, mara thelathini ni elfu tisini, nikapiga hesabu nikaona mtu unaweza tu kuchana. Nani anaangalia Agosti. Huo ubahili utakuja kunila mbele.

Kwa hiyo kuanzia Februari mimi kazi yangu wikiendi ni kutembelea ndugu wa mke. Ukoo mzima wakaanza kunisifia, eti mkwe wetu siku hizi ana upendo. Naingia, nakunywa chai, nasema jamani kuna kosa kwenye kalenda, Nanenane imeandikwa tarehe 9, ngoja niutoe huo ukurasa. Krrrr kwenye waya. Nakunja naweka mfukoni. Wengi hawakuuliza kitu. Shangazi wa Veyula alikataa katakata kwa sababu alishaandika zamu za vikoba mpaka Desemba, ikabidi nikae namsaidia kuzihamishia kwenye daftari, saa nzima.

Kongwa ndo nikajua hali ni mbaya. Baba mkubwa alinipokea vizuri, mbukwenyi, mbukwenyi, tukala ugali wa mtama na mlenda, nikaanza hadithi yangu ya Nanenane. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, anafuta vidole, "Ni ile ya shemeji yangu na yai?"

Nikaganda.

"Hiyo sikupi. Wewe unafikiri tunaisubiri Agosti kwa sababu gani?"

Kumbe wazee waliifunua yote siku ile ile ya Desemba! Mtu hana smartphone, umempa kitu chenye picha kumi na mbili, unadhani atasubiri mwezi mmoja mmoja? Walikuwa wamekaa nayo kimya tu, wanaichekea kila mtu kwake. Nilimbembeleza mzee nikamuahidi tochi mpya akakataa, nikaondoka bila kitu, na mbwa wake kawaita ndani.

Ikabaki ya mama mwenyewe. Na hapo sasa, mama aliitundika chumbani kwake. Mkwe hawezi kuingia chumba cha mama mkwe, hata nyumba ikiungua utapita dirishani kumtoa lakini ndani ya chumba huingii. Mama Neema naye akakataa kunisaidia, akasema kosa lako. Nikamtuma Neema, ana miaka sita, nikamwambia nenda chumbani kwa bibi uchane kimya kimya ukurasa wenye namba nane kubwa. Akaenda. Akakaa sana. Akarudi mikono mitupu, anatafuna karanga.

"Bibi ameuliza unataka ya nini."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hujasema. Akasema nikwambie Agosti itafika tu."

Sikulala vizuri kuanzia Mei mpaka Julai.

Agosti 1 ilikuwa Ijumaa. Jumapili tukaenda kumsalimia kama kawaida. Nikaingia sebuleni, shikamoo mama, marahaba baba, nikainua macho. Kalenda imehamishwa. Iko juu ya televisheni, juu ya kile kitambaa cha kufuma, imefunguliwa Agosti, nguzo isiyolala imelala mbele ya watu wote, mashemeji watatu wamekaa chini yake wametulia kama washtakiwa lakini mabega yanatikisika. Na Jumapili zote zimezungushiwa kalamu nyekundu na kitu kimeandikwa.

Mama akanipa miwani yake. "Nisomee hapo baba, mi macho yangu siku hizi."

Nikasimama nikasoma kwa sauti. Tarehe 3, kuku. Tarehe 10, mchele kilo tano. Tarehe 17, mafuta ya alizeti, dumu. Tarehe 24, khanga doti mbili zenye maneno mazuri. Tarehe 31, kuku, jogoo. Katika miezi yote mwezi wangu ulikuwa na Jumapili tano.

"Hiyo ni faini?" nikauliza kwa sauti ya kuku mwenyewe.

"Faini ya nini? Mimi nilikuwa nimelala sijui kitu."

Mashemeji wakaanguka. Mmoja alitoka nje kabisa, tukamsikia anagonga ukuta.

Na bado. Alhamisi ile, tarehe 7, saa nne asubuhi geti linagongwa, nafungua namkuta mjomba wa Manyoni amevaa suti, ana mbuzi kwenye kamba, amefika kwenye kipaimara. Mzee anakaa peke yake na kitochi ambacho tarehe yake haijawahi kurekebishwa, Julai ilipoisha alifunua kalenda yangu ikamletea Septemba, kwa sababu Agosti yake mimi ndo nilikuwa nayo. "Nikashangaa sana," akaniambia, "Jumapili gani maduka yote wazi na watu wanaenda kazini, nikasema labda ndo mambo ya makao makuu." Nilipomweleza akafikiri kidogo, akasema kwenda na kurudi ni nauli mara mbili, bora asubiri. Akasubiri. Mwezi mzima, yeye na mbuzi. Mbuzi alimaliza sukuma wiki ya Mama Neema yote ndani ya siku nne, na faini ya hiyo pia nililipa mimi.

Kipaimara kikapita salama, mbuzi akaliwa, mjomba akarudi kwake. Faini zangu zote tano nilishamaliza. Jumapili ya tarehe 14 Septemba nikaenda Kikuyu natembea mikono mfukoni, napiga mluzi, mtu huru. Nikaingia, nikaamkia. Kalenda iko pale pale juu ya televisheni. Agosti. Yai.

"Mama, mbona hatujafunua? Si tupo Septemba sasa."

Mama alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Hiyo Septemba ni ya huko kwenu. Hapa kwangu bado Agosti, baba. Kuku yuko wapi?"