Notisi Zipo kwenye Simu, Kichwani Hamna

Siku hizi ukumbi wa mihadhara na ukumbi wa harusi huwezi kuvitofautisha. Mhadhiri akigusa slaidi tu, simu zote juu! Bibi harusi mwenyewe grafu ya ugavi na mahitaji.

Haya, umepiga. Nusu ya picha ni kisogo cha jirani, nusu mwanga wa projekta. Inaenda kulala kati ya skrinishoti za miamala na picha za pilau, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, ikikaribia mtu anaskroli mpaka dole gumba linaota sugu. Akiomba kwenye grupu, anarushiwa picha iliyobanwa na WhatsApp, kipeo cha 3 na cha 8 wamekuwa mapacha. Tumeni kama dokumenti jamani, siyo kama picha! Nani anasikia.

Wa laptopu nao wanachapa kila kitu, mpaka kikohozi cha mhadhiri. Mwaka 2014 Mueller na Oppenheimer walichapisha utafiti kule Marekani: wanaochapa walinakili neno kwa neno, na maswali ya kuelewa yakawashinda kuliko wa kalamu. Majaribio yaliyorudiwa baadaye hayakuona tofauti kubwa hivyo, kwa hiyo wa kalamu msitambe. Ila mpe wa laptopu alama ya intigrali: akiipata kwenye menyu, ubao umeshafutwa.

Wenye kaunta buku, lile daftari nene la kwaya tatu, kwapani, mnabanwa kwenye daladala la Ubungo, mvua ya masika ikiwakuta Mwenge mnalia. Mlishaambiwa: peni ya jeli wino wake ni wa maji, unachuruzika. Peni ya kawaida ina wino wa mafuta, inavumilia. Na penseli hafifu ukiipeleka steshenari, kopi inatoka nyeupe na hela hairudi.

Dawa ipo, inaitwa mtindo wa Cornell. Piga mstari sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, acha 5 chini. Kulia notisi. Jioni hiyohiyo andika maswali kushoto, na chini muhtasari wa sentensi mbili. Kisha funika kulia ujijibu. Picha piga michoro tu, uipe jina: kozi, tarehe, ukurasa wa daftari.

Lakini jioni kuna Simba na Yanga. Kwa hiyo darasa zima linamwandama yule mmoja aliyeandika: "Naomba daftari, nalirudisha sasa hivi." Linarudi siku moja kabla ya mtihani, grafu ina duara la mafuta ya chipsi mayai, na aliyeazima analalamika mwandiko mbaya.