Baleti na piano au baleti na biti? Mi naona ugomvi uko kwingine

Jumamosi nimeenda kumchukua mtoto wa dada kwenye darasa la kucheza huku Kisasa, Dodoma, ukumbi wenyewe wa kukodi tu, Jumapili unageuka kanisa, nikakuta mwalimu na mama mmoja wanabishana. Mwalimu anafundisha baleti kwa piano ya kwenye simu, mama anasema mbona watoto wanasinzia, si uweke singeli wachangamke. Mwalimu akamjibu, "Mama, singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, mtoto atakunja magoti taratibu saa ngapi?"

Mwalimu ana hoja jamani. Muziki wa baleti za zamani ulikatwa kwa vipimo kama nguo kwa fundi. Kule Saint Petersburg, Petipa aliyekuwa anapanga uchezaji alimwandikia mtunzi wa muziki, Tchaikovsky, kabisa hapa nataka muziki wa urefu huu, hapa wa mbio, hapa laini, ndo zikatoka Sleeping Beauty 1890 na Nutcracker 1892. Na Tchaikovsky hakuwa mtu wa kupokea oda tu akalala, Paris alikutana na kinanda kipya, celesta, kinalia kama vikengele vya glasi, akaagiza kiletwe Urusi kimya kimya wenzake wasije wakamuwahi (ujanja wa maprodyuza haujaanza leo). Kwenye muziki wa hivyo mtoto anasikia kabisa pa kuvuta pumzi kabla hajaruka.

Ila mama naye usimcheke. Swan Lake ya Tchaikovsky huyohuyo ilipotoka Moscow 1877 wapo waliolalamika kwamba muziki umezidi ugumu kwa kuchezea, leo ndo tunauita wa asili! 1913 Paris, kwenye The Rite of Spring ya Stravinsky, watu walipiga kelele ukumbini mpaka wachezaji hawaisikii okestra, Nijinsky aliyeitunga ile dansi akasimama juu ya kiti pembeni ya jukwaa anawahesabia kwa kupayuka. Halafu 1987 Forsythe, naye mpangaji wa dansi, akawapa wachezaji wa Opera ya Paris muziki wa elektroniki wa Thom Willems, unagonga kama gereji, na wakaucheza na viatu vilevile vya kusimamia vidole. Kuna na Cunningham wa dansi na John Cage wa muziki, ingawa hao si wa baleti hasa, wao dansi inatengenezwa kivyake na muziki kivyake, vinakutana jukwaani. Naheshimu, ila saa nzima siwezi.

Sasa mi ninachoona, wote wawili pale ukumbini walikuwa wanabishania faili la kwenye simu. Okestra ina kondakta, simaanishi konda wa daladala, na kazi yake moja kubwa kwenye baleti ni kuangalia miguu, mchezaji akichelewa kutua anamvutia kidogo, akiwa na haraka anamkimbilia. Simu haimsubiri mtu, iwe imebeba Tchaikovsky au singeli. Halafu tuko Dodoma hii hii, wamama wa Kigogo wanapiga muheme, ngoma wameibana katikati ya mapaja, mikono inafanya kazi lakini macho yako kwa wenzao wanaocheza. Petipa angekaa hapo siku nzima.

Sisemi tuweke muheme kwenye Swan Lake, huo utakuwa mchanganyo wa shoo za mapokezi ya wageni. Kwenye kuruka ngoma ingewafaa hao watoto, kwenye kunyoosha mguu polepole mi bado nipo na piano.

Halafu katikati ya ubishi spika ikaisha chaji, piiii, kimya. Mwalimu akaanza kupiga makofi na kuimba la-la-la, kuna kadogo kamoja ka mwisho kalikuwa kanayumba kwenye mguu mmoja, akakapunguzia mwendo mpaka kakasimama, ndo akaendelea. Yule mama wa singeli nikamwangalia, na yeye anapiga makofi, tena taratibu.