Malindi tunahesabu mateja, unga unaingia

Kila msako wa dawa za kulevya unapotangazwa hapa Malindi, tunajua mapema nani atapakiwa kwenye gari la polisi: mateja wa maskani, vijana waliokondeana, mfukoni kete moja ya heroini au sindano tu. Kesho yake tunasomewa idadi ya waliokamatwa, basi kazi imefanyika. Mimi kipimo hicho sikikubali.

Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 haikukosa makali. Iliruhusu mlanguzi afungwe maisha. Lakini Desemba 2004 ilinaswa kokeini ya zaidi ya tani moja, nyingine Nairobi, nyingine kwenye jumba la kifahari papa hapa Malindi. Shehena ile haikuletwa na teja. Nao ndugu wawili wa familia ya Akasha, walanguzi wa dawa za kulevya, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, kesi ya kuwapeleka Marekani ikaburutwa mpaka Januari 2017. Hukumu ikatoka New York: Baktash miaka 25, Ibrahim 23.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya methadoni, dawa wanayopewa mateja badala ya heroini. Hospitali yetu inaitoa tangu 2015. Mgonjwa huja kila siku, hupewa dawa kwenye kikombe, huinywa mbele ya mhudumu, akaenda zake. Sasa mkamate Ijumaa jioni, alale seli hadi Jumatatu apelekwe kortini. Arosto itamshika humo humo: jasho, kuhara, mifupa kuuma, usingizi hana. Akitoka, cha kwanza ni kutafuta kete. Na akikosa dawa siku kadhaa, kliniki haiwezi kumrudishia kipimo kilekile, kwani kinaweza kumuua. Itabidi aanzishwe chini tena. Hospitali ni ya serikali, na seli ni ya serikali.

Sisemi polisi wakae. Kuna akina mama mitaani wanaolala na sufuria chini ya kitanda zisiibwe na watoto wao wenyewe, nao wana haki ya kulindwa.

Ila safari ijayo wakubwa wa usalama watutajie wauzaji wangapi wamefungwa, mali gani imetaifishwa, na kama wiki moja baada ya msako kete bado inapatikana kwa bei ileile. Na kila kituo cha polisi kiwe na namba ya kliniki. Aliye kwenye methadoni akishikwa, apelekwe asubuhi akanywe dawa yake, kwa pingu ikibidi, kisha arudishwe ndani akasubiri kesi.