Santuri Zetu Zinataka Sindano Laini

Rafiki yangu wa Kihesa, Iringa, anataka katriji, yaani kile kichwa kidogo cha gramafoni kinachobeba sindano, itoe kila kilichomo kwenye santuri, hata mkwaruzo. Mimi huku Mbeya natafuta ile inayopoza sauti za juu na kuipa besi uzito. Ananiambia naharibu kazi ya wanamuziki. Namheshimu, lakini kwa santuri tulizo nazo sisi, hajanishawishi.

Hebu tuziangalie. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970, kadhaa zimetengenezwa Nairobi. Zimepigwa baa, zimepigwa harusini, zimekanyagwa na sindano butu na kulala vumbini bila jalada. Ukiiweka sindano yenye ncha kali na katriji inayokoleza sauti za juu, gitaa la solo linachoma masikio na kila "s" ya mwimbaji inageuka mluzi. Huo si ukweli wa bendi. Ni uchakavu wa mfereji wa santuri, ule sindano inaopita.

Chaguo langu ni Nagaoka MP-110 ya Japani. Sauti za waimbaji zinakaa mbele, besi imeshiba, na inatoa umeme wa milivolti 5 hivi, kwa hiyo amplifaya yoyote yenye tundu la gramafoni inaimudu. Mwenye mfuko mwembamba aitazame Audio-Technica AT-VM95C: ncha yake ni ya duara, haichimbui vijisauti vya juu kabisa, na siku ukitaka ukali zaidi unabadilisha sindano tu, kiwiliwili kinabaki. Grado za Brooklyn, Marekani, nazo ni tamu, ila baadhi huvuma zikikaribia mota ya gramafoni fulani. Ulizia kwanza. Ortofon 2M Red ni katriji nzuri, lakini kwa santuri hizi naiona kavu.

Halafu kuna Denon DL-103, ambayo wapenzi wa santuri huizungumzia kwa sauti ya chini kama wanataja mahari. Ilibuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya utangazaji, pamoja na shirika la NHK la Japani, na mpaka leo inatengenezwa. Sauti yake nene naipenda sana. Lakini inatoa milivolti 0.3 tu, hivyo inadai kikuza sauti cha ziada au transfoma yake, na inataka mkono mzito wa gramafoni. Kwa wengi wetu gharama ya vikorokoro inapita ya katriji yenyewe.

Kabla ya kutoa hela, lakini, pima uzito ambao sindano inaikandamizia santuri. Watu huupunguza wakidhani wanaionea huruma santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka mferejini, sauti inakwaruza na santuri inaumia zaidi. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Angalia na amplifaya na waya: katriji nyingi za sumaku hutaka tundu la amplifaya lenye ukinzani wa ohmu 47,000, na waya mrefu wa ovyo unaweza kuzusha mwinuko kwenye sauti za juu, ukaishia kuilaumu katriji isiyo na kosa.

Na sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu. Ndani ya katriji kuna kipande cha mpira kinachoshikilia kijiti cha sindano, na baridi hukikaza. Vipimo vya kiwandani kwa kawaida ni vya joto la nyuzi 20 na kitu. Asubuhi ya Julai pale Uyole, Mbeya, haifiki hata karibu. Sauti inakuwa kavu na sindano inashindwa kufuata besi nzito. Mwezi huo usiihukumu katriji yoyote kabla chumba hakijapata joto.

Ukiagiza, agiza na sindano ya akiba kwenye mzigo huohuo. Nauli ya kuileta peke yake baadaye inauma.