Loring wa Minneapolis, Jeevanjee wa Nairobi

Katikati ya Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota nchini Marekani, karibu kabisa na majengo marefu ya biashara, kuna bustani yenye ziwa dogo ambayo tangu mwaka 1890 inaitwa Loring Park. Charles Loring, mfanyabiashara wa unga, mzaliwa wa jimbo la Maine aliyehamia huku mwaka 1860, alisaidia kuliachia jiji hili kitu kikubwa kuliko bustani moja, nacho ni chombo cha kisheria cha kumiliki na kulinda bustani zote. Kwa maoni yangu, hicho ndicho Nairobi imekosa tangu enzi za ukoloni.

Mwaka 1883 bunge la Minnesota lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya bustani, na wapiga kura wa jiji wakaiidhinisha mwezi Aprili, ijapokuwa baraza la jiji na chama cha wafanyakazi cha Knights of Labor waliipinga. Bodi hiyo ilipewa mamlaka ya kutwaa ardhi na fungu lake la kodi, na Loring akawa rais wake wa kwanza. Kabla mwaka haujaisha, mbunifu wa mandhari H.W.S. Cleveland aliwashauri makamishna wanunue ardhi mapema, ingali rahisi, wakifikiria jiji litakalokuwa na watu milioni moja baada ya miaka mia moja. Ndiyo maana leo mtu yeyote, mwenye nyumba au mpangaji, anaweza kulizunguka ziwa Harriet au Bde Maka Ska kwa miguu bila kukutana na ukuta wa tajiri ulioshuka hadi majini. Bodi ile ingali hai: ina makamishna tisa wanaochaguliwa kwa kura kila baada ya miaka minne, na mkazi wa kawaida anaweza kusimama mbele yao akahoji kwa nini mti umekatwa.

Sisemi kwamba historia ya huku ni safi. Ardhi hii ilikuwa ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, na ziwa Bde Maka Ska limerudishiwa jina lao hivi karibuni tu, baada ya kuitwa kwa miaka mingi jina la Calhoun, mwanasiasa aliyeutetea utumwa.

Nairobi nayo ilikuwa na mtu wake. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi aliyeleta vibarua wa kujenga reli, aliwapa wakazi wa jiji bustani mwaka 1906, na hadi leo saa za mchana utawakuta pale wahubiri, wapiga picha na vijana waliojinyoosha kwenye nyasi wakisubiri kurudi kutafuta kazi. Hata hivyo, mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga maegesho ya ghorofa juu ya bustani hiyo, na ikabidi mjukuu wake, Zarina Patel, aongoze mapambano ya kuiokoa. Miaka miwili kabla yake, Wangari Maathai alikuwa amesimama peke yake, au karibu peke yake, kuzuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni; na Januari 1999 alipigwa na walinzi kule msitu wa Karura alipokwenda kupanda miti. Nawaheshimu kina mama hawa kupita ninavyoweza kueleza. Lakini inaniuma kwamba kazi ambayo Minneapolis hufanywa na bodi yenye bajeti na mawakili, kwetu iliachiwa mwili wa mwanamke mmoja.

Hatuwezi tena kusingizia kwamba sheria haituruhusu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti bustani za umma na maeneo ya burudani, kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Nairobi linaweza kuweka bodi yenye fungu lake la fedha lisilohamishwa kwa barua ya ofisi, na yenye wajumbe wanaowajibika kwa wakazi badala ya kuteuliwa na gavana. Uchaguzi wa 2027 ukifika, kila anayeutaka ugavana aulizwe hadharani hati miliki za Jeevanjee na Uhuru Park zimeandikishwa kwa jina la nani, na ni nani mwenye uwezo wa kuzibadilisha.