Kipulizio cha Maji ni Jasho la Kuazima

Siku hizi familia zinazopenda kutembea milimani wakati wa joto hazikosi kipulizio cha maji kwenye mkoba. Kuna chupa za kubonyeza kwa kidole, kama zile vinyozi wanazoloweshea nywele. Kuna vile vimitungi vya pampu ambavyo unavijaza hewa kwanza ndipo vitoe maji, na kuna feni ndogo za betri zinazotoa upepo na ukungu kwa pamoja. Mimi ni mpenzi wa kipulizio. Ila naona tunakisifia kwa sababu isiyo yake, na ndiyo maana wengi tunakitumia ovyo.

Wengi huamini kwamba kinapoza kwa kuwa maji yake ni baridi. Maji yaliyoshinda juani kwenye mkoba huwa vuguvugu kabisa, na bado ukiyapuliza shingoni unasikia raha. Kinachopoza ni kule kukauka kwake. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke juu ya ngozi inaondoka na joto la takriban jouli 2,400. Gramu hiyo hiyo ukiinywa ikiwa na nyuzijoto 5, mwili unatumia jouli 134 hivi kuipasha mpaka ifike nyuzi 37. Kwa hiyo usihangaike na barafu kwa ajili ya kipulizio. Kama barafu ipo, iende kwenye maji ya kunywa, maana huko angalau inamfanya mtoto anywe bila kubembelezwa.

Kukauka juu ya ngozi ndiyo kazi ya jasho pia. Kipulizio ni jasho la kuazima, na kila kinachozuia jasho lisikauke kitauzuia na ukungu wako. Hapa ndipo unyevu wa hewa unapoamua mambo. Kukiwa na nyuzi 35 na hewa kavu yenye unyevu wa asilimia 20, kitambaa kilicholowa kikipigwa na upepo kivulini kinaweza kupoa hadi karibu nyuzi 19. Joto likiwa lile lile lakini unyevu umefika asilimia 80, kitambaa hicho kinagota kwenye nyuzi 32 hivi, na ngozi yenyewe ina kama 35. Tofauti iliyobaki ni ndogo mno. Katika hewa nzito ya namna hiyo maji yanateremka mgongoni na kuloanisha suruali, basi. Siku kama hiyo dawa ni kuondoka alfajiri, kufuata njia yenye miti, au kuahirisha safari, hata kama watoto walishavaa viatu.

Feni za betri zinanichosha. Upepo ni mzuri, na maji bila upepo hukauka polepole, hilo sibishani nalo. Lakini kajitungi kake ni kadogo, betri ni mzigo, na hewa ikiwa na joto kupita la ngozi, feni iliyoishiwa maji inaipulizia ngozi kavu joto tu. Kofia pana inapepea vizuri sana. Watoto wakiambiwa wapepeane kwa zamu wanapumzika bila kujua wanapumzishwa.

Namna ya kupuliza nayo ina maana. Utaona mtu anapuliza hewani mbele ya uso halafu anapita katikati ya ukungu, kama anayejifukiza manukato. Juu ya mlima penye upepo, ukungu huo unapoza hewa, na hewa inakwenda zake. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakipuliziwa hewani ndiyo kabisa. Legeza mdomo wa chupa kidogo ili matone yawe makubwa zaidi, kisha lenga ngozi: mikono yote, shingo, mapaja, mgongo chini ya shati. Shati la pamba lililoloweshwa linaendelea kupoza muda mrefu baada ya chupa kurudishwa mkobani. Soksi ziache kavu, kwani soksi mbichi huleta malengelenge, na mtoto mwenye malengelenge atabebwa.

Sasa hesabu ya maji, ambayo ndiyo wengi hawaipigi. Lita moja ni kilo moja ya mzigo. Mtu mzima anayepanda kilima kwa bidii anazalisha joto la wati 400 hivi, pengine zaidi. Nusu lita ya maji, kama yote yangekaukia kwenye ngozi yake, ingeondoa joto la dakika 50 za kupanda. Hayatakaukia yote hapo, mengi yatadondoka au kupeperushwa. Kwa hiyo maji ya kupuliza yahesabiwe peke yake, juu ya yale ya kunywa. Na yawe maji safi ya kunywa vilevile. Kwanza, watoto watapanua midomo wapulizwe ndani, utake usitake. Pili, njia ikiwa ndefu kuliko mlivyodhani, chupa hiyo inakuwa akiba. Maji ya kijito yasiyotibiwa usiyatie humo, kwa sababu matone madogo huvutwa puani na kumezwa.

Mkirudi, mwaga yaliyobaki, osha chupa, iache wazi ikauke. Maji vuguvugu yaliyotuama ni makazi mazuri ya bakteria, wakiwemo Legionella, ambao humwingia mtu kwa kuvuta matone laini. Na chupa iliyowahi kuwekwa sabuni ya madirisha au dawa ya wadudu haifai, hata ukiisuuza mara ngapi.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi kuliko yote hayo. Uso ukipozwa, mtu anajisikia nafuu kubwa kuliko nafuu ambayo mwili wake umepata. Mtoto aliyekuwa analalamika ananyamaza, mzazi anaona mambo yako sawa, safari inaendelea, huku ndani joto linapanda na maji ya mwili yanapungua. Tena watoto wana ngozi nyingi kwa kulinganisha na uzito wao, hivyo hewa ikiwa ya moto huwaingia haraka, na jasho lao ni dogo kuliko letu. Ndiyo maana kwetu kanuni ni kunywa kwanza, kupulizwa baadaye. Asiyekunywa hapulizwi.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu ni ishara za kusimama, kuingia kivulini na kukatisha safari. Mtoto akianza kuropoka, kuyumba au kutojua alipo, huenda ni kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani ya mwili hupita nyuzi 40. Hapo piga simu ya dharura, mvue nguo za juu, mmwagie maji yote mliyonayo huku mkimpepea bila kuacha. Fungua kifuniko cha kipulizio umimine, muda wa kubonyezabonyeza haupo.

Katika siku ya kawaida, lakini, chupa ndogo inafanya kazi yake vizuri mkiitumia mnapopumzika kivulini, si mkiwa mnatembea. Mapumziko yenyewe ndiyo yanayopunguza joto linalozalishwa na misuli, na maji yanaondoa lililokwishalimbikizwa. Suala linaloleta ugomvi ni nani aibebe. Sisi tunampa mtoto anayetembea polepole kuliko wote. Wale wa mbio wakitaka kupulizwa, hawana budi kumsubiri.